Kabla ya Kununua Giaboksi Nyengine: Fundi Anawajibu Wasomaji Wenye Gari za Otomatiki

Kutoka Wete, Pemba

Assalaam alaykum, Fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli na nina Toyota IST ya mwaka 2004 yenye gia za otomatiki za hatua nne. Tangu kaskazi ilipoanza gari imeingiwa na ugonjwa nisioufahamu. Asubuhi inakwenda vizuri kabisa, lakini nikishaendesha kiasi cha dakika 20, hasa nikiwa kwenye vilima vya njia ya Chake Chake, taa ya O/D OFF (ile ya kuonyesha kuwa gia ya nne imezimwa kwa kitufe) huanza kupepesa yenyewe bila ya mimi kugusa kitufe. Hapo gari huwa nzito kuondoka, kama inayoanzia gia ya tatu, na gia ya nne haiingii tena. Nikiizima na kuiacha ipoe, ugonjwa huondoka. Fundi wa kwanza ameniambia kuwa giaboksi imekwisha na kwamba niagize ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Wa pili amesema ni solenoidi tu, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Ninasomesha fizikia na mita ya umeme ninayo. Nimsikilize nani, na kama ni huyo wa pili, nianzie wapi?

Jawabu

Waalaykum salaam, Mwalimu. Msikilize wa pili, lakini usimfuate mpaka dukani, kwa sababu naye ametaja spea kabla ya kupima. Solenoidi limekuwa jawabu la kila giaboksi inayosumbua siku hizi, na nimewaona watu wakinunua tatu kwa mpigo ilhali kosa lilikuwa kwenye kipande cha waya wa nje kisichozidi urefu wa kiganja.

Dalili ulizozieleza zina maana kubwa. Taa ya O/D OFF inayopepesa si sawa na ile inayowaka moja kwa moja ukibonyeza kitufe. Inapopepesa, kompyuta ya gari inakuarifu kwamba imekuta hitilafu katika mzunguko wa umeme wa giaboksi na imeiweka katika kumbukumbu yake. Ni kweli kwamba klachi za ndani zilizolika nazo huteleza zaidi oili ikipata moto, kwa hivyo joto peke yake si ushahidi wa upande wowote. Lakini klachi iliyolika huifanya injini ipande mizunguko bila ya gari kuvutika, na mara nyingi hufanya hivyo taa ikiwa kimya. Kwako gari inavutika, ila imeshikiliwa kwenye gia isiyo wakati wake, na taa inalalamika.

Ndani ya giaboksi hiyo kinachoshika na kuachia klachi ni msukumo wa oili, na oili hiyo huelekezwa na sahani nene ya aluminiamu iliyojaa vijia na vali, ambayo mafundi huiita valvu bodi. Solenoidi ni vali ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa koili ya waya wa shaba. Kompyuta huzipa au huzinyima umeme kwa mpangilio maalumu, na kila mpangilio ni gia moja. Mzunguko wa mojawapo ukikatika, kompyuta hugundua kuwa umeme haupiti, huacha kuitegemea solenoidi hiyo, na gari hubakiwa na gia zile tu zinazopatikana bila ya msaada wake. Ndiyo maana unaondoka kwa uzito. Koili yenye ufa mwembamba kama unywele hugusana ikiwa baridi na huachana shaba inapotanuka kwa joto, jambo ambalo hata wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wataweza kulieleza.

Sasa, kabla ya kufungua hata boliti moja, pima oili. Endesha gari mpaka giaboksi ipate moto wake wa kawaida, isimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na injini ikiwa inanguruma upitishe mkono wa gia polepole kutoka P hadi L na kuurudisha P. Kisha chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe hadi mwisho, na uichomoe tena usome upande ulioandikwa HOT. Inusie na uitazame rangi. Nyekundu, au hata kahawia hafifu isiyo na harufu, inakuruhusu kuendelea. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inakuambia kuwa klachi zimeungua, na hapo barua yako ingekuwa na jawabu jengine.

Jambo la pili ni kuisoma kumbukumbu ya kompyuta. Kuna mashine ndogo za kusomea makosa zinazochomekwa katika soketi iliyo chini ya usukani, na siku hizi gereji nyingi za mjini zinazo. Hata hivyo baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazizungumzi na zile za bei rahisi, kwa hivyo mashine isipojibu usidhani kuwa kompyuta imekufa. Solenoidi mbili za kubadilishia gia huitwa S1 na S2. Ukipata P0753, kosa liko katika mzunguko wa S1, na P0758 ni wa S2. Kwenye Toyota zinazotoa makosa kwa kupepesa taa, namba 62 ni S1 na 63 ni S2: taa hupepesa mara sita, hutulia, kisha hupepesa mara mbili au tatu. Ili taa iseme hivyo huunganishwa matundu mawili ya soketi hiyo, la 4 na la 13, kwa kipande cha waya. Njia hiyo ni ya kweli, lakini mimi simshauri mtu aifanye kwa mara ya kwanza peke yake, kwa sababu tundu la 16 katika soketi hiyo hiyo lina umeme wa betri wakati wote, na waya ukiteleza hapo hasara yake itaizidi hiyo giaboksi unayoikimbia. Ukikuta P0705, shukuru, kwani hilo linahusu swichi inayoijulisha kompyuta mkono wa gia uko wapi, nayo imefungwa nje ya giaboksi na haihitaji kumwaga hata tone la oili.

Neno "mzunguko" nimelirudia kwa makusudi. Kompyuta haijui kama solenoidi imekufa. Inajua tu kwamba umeme haupiti, na umeme unaweza kukatika popote kati yake na giaboksi. Hapa visiwani pahala pa kwanza pa kushuku ni soketi ya waya iliyo ubavuni mwa giaboksi. Hewa yetu ina chumvi, na gari zinazolala karibu na pwani hupata kutu ya kijani ndani ya soketi hizo hata kama mabodi yake yanang'ara. Niliwahi kuletewa gari iliyokuwa ikilala Paje, mwenyewe akiwa tayari ameshanunua giaboksi nzima, nayo ikapona kwa kusuguliwa pini mbili na kufungwa upya kibano cha mpira kilichokuwa kimelegea. Hiyo giaboksi nyengine ilibaki barazani kwake kwa muda mrefu, ikikaliwa na watoto. Kwa hivyo zima gari, ondoa waya wa hasi wa betri, chomoa soketi hiyo, itazame kwa tochi, isafishe kwa dawa ya kusafishia mitambo ya umeme na brashi laini, iache ikauke, uirudishe, uijaribu gari siku mbili tatu.

Taa ikirudi kupepesa, ndipo mita yako itakapofanya kazi. Ukiwa umechomoa soketi hiyo hiyo, pima kutoka kwenye pini ya S1, kisha ya S2, hadi kwenye chuma cha giaboksi, kwa sababu solenoidi hizi mbili zinarudisha umeme kupitia kwenye chuma zilikofungiwa. Zikiwa nzima, kila moja husoma kati ya omu 11 na 15 katika nyuzi joto 20. Ile inayodhibiti msukumo wa oili, iitwayo SLT, hupimwa baina ya pini zake mbili na husoma takriban omu 5.0 hadi 5.6. Pima gari ikiwa baridi, andika. Halafu endesha mpaka ugonjwa utokee, simama, zima, upime tena haraka. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa kiasi cha asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, kwa hivyo koili iliyosoma omu 13 asubuhi kusoma 16 oili ikiwa na nyuzi 80 ni uzima wala si ugonjwa. Unachokitafuta ni mita kuonyesha kwamba njia imekatika kabisa, au kurukaruka unapougusagusa waya. Ukizipata omu 13 na ushei ikiwa baridi, na karibu 16 ikiwa moto, solenoidi ya S1 au S2 haina kosa la umeme na hutakiwi kuinunua. Fuata waya kurudi kwenye kompyuta.

Tuseme basi umepima na S2 imekatika ikiwa moto. Kazi hii inafanyika nyumbani, kwa sababu katika giaboksi ya gari yako solenoidi hizo zinafikiwa kwa kufungua sampu, yaani bakuli la oili la chini, bila ya kuishusha giaboksi yenyewe. Ninaiita kazi ya siku nzima kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza. Chagua sakafu ya saruji, si mchanga na si udongo wa shamba, kwani vumbi linaloingia kwenye valvu bodi linaweza kuibana vali. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, inua mbele kwa jeki, na uishushe gari juu ya stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, wala matofali ya kokoto hayawi stendi, kwa vile hupasuka bila ya kutoa taarifa. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili.

Acha oili ipoe hadi iwe ya uvuguvugu, uimwage katika chombo kisafi, na uipime kwa lita kabla ya kuiweka kando, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho utakachokirudisha kwa kuanzia. Itatoka kama lita tatu hivi. Sehemu kubwa nyengine hubaki katika vijia na ndani ya toki konveta, yaani kile chombo cha oili kinachoiunganisha injini na giaboksi. Fungua boliti za sampu kwa spana namba 10 kwa kuzunguka, uache mbili za upande mmoja ziwe za mwisho ili sampu ining'inie na kumimina iliyobaki. Ndani ya sampu utakuta sumaku ndogo zilizovaa uji wa kijivu, laini kama wanja. Huo ni wa kawaida kwa gari ya umri huo. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au punje za rangi ya shaba, simama hapo. Rudisha sampu na ukubali kwamba fundi wa kwanza hakuwa mbali na ukweli.

Kama ni uji tu, fungua chujio, na hapo utaiona valvu bodi na solenoidi zikiwa na vichwa vyao vya waya. Oili itaendelea kukudondokea usoni kwa saa nzima, kwa hivyo vaa miwani. Vichwa hivyo vya plastiki vimepikwa katika oili ya moto kwa miaka 20 na huvunjika kama maganda ya njugu, basi bonyeza kikucha chake kwa ncha ya bisibisi ndogo na uvute kichwa chenyewe, usivute waya. Boliti za eneo hili hazina urefu sawa. Chora umbo la valvu bodi kwenye kipande cha boksi la karatasi ngumu na uchomeke kila boliti mahali ilipotoka. Mtu anayeirudisha ndefu katika tundu la fupi huipasua aluminiamu, na hilo sijui dawa yake ya nyumbani. Ondoa solenoidi iliyopimwa kuwa mbovu tu. Valvu bodi yenyewe usiifungue hata kama inaonekana kukualika, kwa kuwa ndani mna vipira vidogo na springi ambazo zikidondoka hutajua zilikuwa tundu gani.

Ukinunua solenoidi ya mtumba, nenda dukani na mita yako na betri ya pikipiki ya volti 12. Ile ya S1 au S2 ikipewa umeme hulia "tik" ya wazi, na ikinyimwa hulia tena. SLT usiijaribu hivyo kamwe, maana volti 12 za moja kwa moja huiunguza koili yake. Hiyo hujaribiwa kwa kupitisha umeme kwanza katika balbu ya wati 21. Muuzaji akikataa upime, umeshapata jawabu.

Kabla ya kuifunga mpya, paka oringi yake (pete ya mpira) oili ya giaboksi, iingize kwa kidole bila ya kuigonga, na ukaze boliti kwa mkono mwepesi. Boliti za sampu zinahitaji takriban niutoni-mita 7, ambazo kwa mwalimu wa fizikia ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo tatu na nusu mwisho wa spana ya sentimita 20. Zaidi ya hapo gasketi hufinyika na sampu hujikunja, halafu oili huanza kuvuja mahali ambapo hapakuwa na kosa. Osha sumaku, badilisha gasketi, na kama chujio jipya linapatikana, liweke, kwani hutapenda kuifungua sampu hiyo tena mwaka huu.

Oili ya gari yako ni ya aina ya T-IV. Duka litakupa nyengine na kukuambia kuwa zote ni nyekundu. Rangi ni dawa tu iliyotiwa ili uvujaji uonekane, wala haithibitishi kitu. Mimina kupitia kwenye tundu la stiki kwa faneli nyembamba kiasi kile ulichokipima, washa injini, pitisha mkono wa gia kote, kisha upime kwa moto kama nilivyoeleza na kuongeza kidogo kidogo. Oili iliyozidi ni mbaya kama iliyopungua, kwa sababu gia zinazozunguka huipiga povu, na povu halisukumi klachi. Futa kosa katika kompyuta, halafu uipandishe gari vilima vile vile vilivyoanzisha kesi hii, kwa muda unaozidi dakika 20.

Hiyo oili chafu usiimwage mtaroni wala nyuma ya nyumba. Maji mengi tunayoyanywa Unguja na Pemba hutoka ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe ambayo hayachuji kitu. Itie katika dumu na uipeleke gereji inayokusanya.

Kutoka Mwanakwerekwe, Unguja

Fundi, mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa. Jana alfajiri niliwasha Vitz yangu kwenda kuchukua mzigo, na mkono wa gia ukakataa kutoka kwenye P ingawa nilikuwa nimekanyaga breki. Injini inanguruma kama kawaida. Jirani ameniambia kuwa giaboksi imejifunga na gari lazima ikokotwe. Nifanye nini?

Jawabu

Bibie, usikubali ikokotwe kabla hujatazama taa za breki. Mwite mtoto asimame nyuma ya gari, kanyaga breki, umuulize kama taa zinawaka. Nina hakika kubwa kuwa atakujibu kuwa haziwaki.

Mkono wa gia hufungwa kwenye P na kipini kidogo cha umeme kilicho chini yake, na kipini hicho huachia pale tu swichi ya kanyagio la breki inapotoa habari kwamba umekanyaga. Swichi hiyo hiyo ndiyo inayowasha taa za nyuma. Ikifa, au fyuzi iliyoandikwa STOP ikiungua, taa huzimika na mkono wa gia hubaki kifungoni, na giaboksi haihusiki hata kidogo. Anza na fyuzi, ambayo ni jambo la dakika mbili. Lakini ukiweka mpya nayo ikaungua papo hapo, kuna waya unaogusa bodi na fundi wa umeme anahitajika. Fyuzi ikiwa nzima, inama na tochi utazame sehemu ya juu ya kanyagio. Utaona swichi yenye kichwa kinachobonyezwa na kipande kidogo cha mpira au plastiki. Kipande hicho huchakaa na kuanguka, na ukikuta vibanzi vyake juu ya zulia la gari, umeupata ugonjwa. Swichi yenyewe hutolewa kwa kulegeza nati yake au kwa kuizungusha kidogo, na mpya hurudishwa kwa njia hiyo hiyo, ikirekebishwa ili taa ziwake mara tu unapogusa breki na zizime unapoachia.

Kwa leo, ikiwa lazima uisogeze, pembeni mwa mkono wa gia pana kifuniko kidogo au kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki, bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi, na mkono utatoka. Lakini usiende nayo sokoni hivyo. Gari isiyo na taa za breki katika foleni ya Mwanakwerekwe itagongwa nyuma kabla hujafika.

Kutoka Chake Chake, Pemba

Mimi ni dereva wa Noah ya abiria. Baada ya mvua za masika nilipopima oili ya giaboksi niliikuta imekuwa ya waridi na nzito, kama sharubati iliyotiwa maziwa. Gari bado inakwenda. Niimwage na kuweka mpya?

Jawabu

Ndugu dereva, isimamishe leo. Rangi hiyo ni oili iliyochanganyika na maji, na kuwa "bado inakwenda" ni suala la siku tu. Utando wa klachi za otomatiki hubandikwa kwa gundi juu ya sahani za chuma, na maji huingia katika utando huo, huulainisha na kuubandua. Ukishabanduka hakuna oili itakayourudisha.

Kabla ya kumwaga kitu, tafuta maji yameingilia wapi. Ikiwa ulipita kwenye maji yaliyofika juu ya magurudumu, yanaweza kuwa yameingia kupitia bomba dogo la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Lakini fungua pia kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, uangalie kama maji ya rejeta yana utando wa mafuta. Katika gari nyingi oili ya giaboksi hupoozwa na kibomba kilichomo ndani ya rejeta yenyewe, na kibomba hicho kikitoboka vimiminika viwili huonana. Mimi huwashuku zaidi madereva wanaojaza rejeta kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi badala ya maji maalumu ya kupozea, na sijui kama wewe ni mmoja wao. Ikiwa rejeta ndiyo yenye kosa, kubadilisha oili bila ya kubadilisha rejeta ni kuitia oili mpya maji mapya.

Kazi hii siiweki katika zile za kufanywa nyumbani. Kumwaga mara moja hutoa sehemu tu ya oili, na maji yaliyo ndani ya toki konveta hubaki pale pale, kwa hivyo inahitajika kuoshwa kwa kurudia kumwaga na kujaza hadi oili itoke safi, na wakati mwengine hata hivyo giaboksi haiponi. Gari iende gereji ikiwa juu ya gari nyengine, au magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa ikiwa Noah yako inavutwa na ya mbele. Kuikokota kwa kamba huku magurudumu yanayovuta yakizunguka na injini imezimwa hufanya giaboksi izunguke bila ya pampu yake kuipelekea oili.

Kutoka Kiembesamaki, Unguja

Nimewekewa oili nyekundu ya kawaida ya otomatiki kwenye gari yenye CVT. Kuna madhara?

Jawabu

Yapo. CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili ilainishe bila ya kuufanya mkanda uteleze. Usiendelee kuiendesha. Mwaga, jaza ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, na urudie tena baada ya mwendo mfupi ili kupunguza iliyobaki ndani. Ukisikia mlio wa kusaga, au gari ikitikisika inapoondoka, mkanda umeshaanza kuumia.

Kutoka Makunduchi, Unguja

Mwanangu, katika toleo lililopita ulisema kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki hupimwa injini ikiwa inanguruma, bila ya kubagua gari. Mimi ni mstaafu mwenye Honda ya zamani ya otomatiki, na kitabu chake kinasema kinyume. Nani mwenye haki?

Jawabu

Shikamoo, mzee wangu. Kitabu chako ndicho chenye haki, na kosa ni langu kwa kusema kwa jumla jambo ambalo ni la Toyota na gari nyengine nyingi lakini si la Honda. Kwa Honda za otomatiki ya kawaida zenye stiki, gari hupashwa moto, husimamishwa mahali tambarare na kuzimwa, kisha stiki huchomolewa baada ya sekunde 60 na kabla ya sekunde 90 kupita. Ukiipima injini ikinguruma, pampu inakuwa imeipandisha sehemu ya oili ndani ya giaboksi na stiki husoma chini kuliko ukweli. Kwa hivyo wenye Honda waliofuata maelezo yangu na kuongeza oili wapime tena kwa njia hii, na iliyozidi waivute kwa bomba la sindano lenye mrija mwembamba kupitia kwenye tundu la stiki mpaka ishuke katikati ya alama mbili.